Kibwebwe cha Ndani: Mazungumzo Juu ya Misuli Inayoushikilia Mgongo

(Matini ya mazungumzo ya afya kwa wakazi wa kata za Wilaya ya Gairo)



Kila msimu wa kilimo una maumivu yake, na katika wilaya hii maumivu hayo aghalabu hukaa kiunoni. Mvua zinapoanza, mkulima aliyemaliza miezi kadhaa bila kuinama kwa muda mrefu huchukua jembe na kuinua matuta ya viazi vitamu tangu alfajiri hadi jua la utosi. Siku ya tatu au ya nne kiuno kinakamatika. Hawezi kuvaa viatu, wala hawezi kuinuka kitini bila kushika meza. Hupumzika, huchuliwa kwa dawa, humeza vidonge, na baada ya wiki mbili au tatu maumivu huondoka. Hurudi shambani akisema amepona. Kisha msimu unaofuata hukamatika tena, na mara hii kwa kazi ndogo kuliko ile ya kwanza: kuokota kikombe, kupiga chafya, kumpakata mtoto.

Mazungumzo haya yanahusu neno hilo moja, “amepona”. Maumivu kuondoka ni jambo moja, na misuli inayoushikilia mgongo kurejea katika kazi yake ni jambo jingine. Ipo misuli ya ndani ambayo, ikishakatizwa na maumivu, hairudi yenyewe kwa sababu tu maumivu yamekwisha. Hurudishwa kwa kufunzwa. Mafunzo yake hayadai fedha wala vifaa, ila mkeka, sehemu tambarare na robo saa kila siku. Wakati wake bora ni huu wa kabla ya mvua, mashamba yakiwa bado yamelala.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kuutazama mgongo wenyewe. Sehemu ya kiuno ina pingili tano, nazo ni kubwa kuliko pingili nyingine zote za uti wa mgongo, kwa kuwa juu yake kumeegemea kichwa, mikono, kifua na kila mzigo unaobebwa. Kati ya pingili na pingili kuna diski, mfano wa mto mgumu wenye ute katikati, na mifupa yote hiyo imefungwa pamoja kwa kano. Wengi hudhani kwamba mifupa na kano vyatosha kuusimamisha mwili, kama nguzo inavyosimamisha paa. Sivyo. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa viuno vya maiti vilivyoondolewa misuli yote, vikabaki mifupa, diski na kano tu. Viuno hivyo vilianza kupinda na kushindwa kusimama chini ya mzigo wa takriban kilo 9. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Kwa hiyo mifupa peke yake haiwezi hata nusu ya ndoo.

Kinachomwezesha mama wa Chakwale kubeba ndoo nzima kichwani, na mtoto mgongoni, ni misuli, nayo iko ya tabaka mbili. Tabaka ya nje ni ile inayoonekana kwa fundi seremala akivua shati: misuli mirefu ya mgongo na ile ya mbele ya tumbo. Hiyo ndiyo inayoinamisha mwili, inayouinua na kuugeuza. Tabaka ya ndani haionekani, wala haiukuzi mwili kwa kutazamwa. Kazi yake ni kuzishika pingili zisiteleze wakati ile ya nje inapofanya kazi yake kubwa.

Misuli ya ndani ni minne kwa hesabu ya kawaida. Wa kwanza ni msuli mpana wa tumbo ulio chini kabisa ya mingine, ambao nyuzinyuzi zake huuzunguka mwili kutoka mgongoni hadi mbele. Wanawake wa nchi hii wanaujua mfano wake tangu zamani, kwani mtu akitaka kufanya kazi nzito hujifunga kibwebwe kiunoni. Msuli huo ndio kibwebwe ambacho Muumba alikifunga ndani. Wa pili ni misuli midogo iliyojipanga kandokando ya uti, kila kipande kikiunganisha pingili moja na zilizo juu yake. Wa tatu ni kiwambo kitenganishacho kifua na tumbo, ambacho hushuka mtu anapovuta pumzi. Wa nne ni ile misuli ya sakafu ya nyonga, inayozuia mkojo na kubeba viungo vya uzazi. Minne hii hufanya kazi pamoja, mithili ya kuta, kifuniko na kitako cha chombo kimoja. Dumu tupu la plastiki likikanyagwa bila kifuniko hubonyea mara moja, lakini likifungwa vizuri, hewa iliyomo hulifanya lihimili uzito. Ndivyo tumbo lililoshikiliwa pande zote linavyousaidia uti wa mgongo.

Mwaka 1996 Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia walichapisha utafiti ambao umebadilisha namna wataalamu wa fiziotherapia wanavyoutazama mgongo. Waliwataka watu wainue mkono kwa haraka, huku vipimo vikisoma ni msuli upi ulioanza kukaza. Kwa watu wasio na tatizo, kibwebwe cha ndani kilikaza kabla hata ya mkono kusogea. Mwili ulijiandaa wenyewe, mwenye mwili akiwa hana habari. Kwa watu wenye historia ya maumivu ya kiuno, msuli huohuo ulichelewa. Mkono ulikuwa umeshaanza safari yake, na pingili zilikuwa bado hazijashikwa. Ucheleweshaji huo ni wa sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini mwendo wa kuinua jembe hurudiwa mamia ya mara kwa siku.

Mwaka huohuo, chuoni hapohapo, Julie Hides na wenzake walionyesha jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha mazungumzo haya. Waliwafuatilia watu 39 waliopatwa na maumivu ya kiuno kwa mara ya kwanza, wakapima kwa mashine ya ultrasaundi ile misuli midogo ya kandokando ya uti. Upande ulioumia, misuli ilikuwa imenywea. Maumivu yalipokwisha ndani ya wiki chache, watu wakarejea kazini, lakini kwa wale ambao hawakufanya mazoezi maalumu misuli ilibaki imenywea vilevile, hata wiki ya kumi. Waliofundishwa mazoezi, misuli yao ilirejea. Matokeo ya baadaye yalichapishwa mwaka 2001: katika mwaka mmoja baada ya maumivu ya kwanza, asilimia 84 ya wale wasiofanya mazoezi walikuwa wameumwa tena, ilhali kwa waliofanya ni asilimia 30. Watu 39 ni wachache, na utafiti mmoja haufungi mjadala. Hata hivyo, mkulima anayekamatwa kiuno kila Desemba hana haja ya kusafiri hadi Australia ili aamini kwamba maumivu yaliyoondoka yanajua njia ya kurudi.

Hapa huulizwa swali, na ni swali la haki: mtu anayelima, anayetwanga na anayebeba kuni anahitaji mazoezi ya nini tena? Je, jembe si zoezi tosha? Jembe ni zoezi, tena kubwa, lakini ni zoezi la misuli ya nje. Huinamisha mwili upande mmoja, kwa mwendo mmoja, kwa saa nyingi, mpaka misuli ichoke. Mtu mwenye kibwebwe cha ndani kilicho hai hulima na kuzidi kuwa imara. Yule ambaye kibwebwe chake kimelala hulima kwa kukakamaza misuli ya nje tu, akijibana mgongo mzima na kuzuia pumzi, na kadiri anavyojitahidi ndivyo anavyozidi kuchoka mapema. Kumwambia mtu huyu alime zaidi ili mgongo ukomae ni sawa na kumshauri mwenye gurudumu lililolegea aendeshe kwa kasi ili likaze.

Sasa mazoezi yenyewe. La kwanza ndilo dogo kuliko yote na ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mtu hutakiwa kuutafuta msuli ambao hajawahi kuuona. Alale chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo zikikanyaga chini. Aguse kwa vidole ile mifupa miwili ya nyonga inayojitokeza mbele, kisha avisogeze vidole ndani kidogo kuelekea kitovu, upana wa vidole viwili. Avute pumzi kwa utulivu na kuitoa. Kabla ya kuvuta nyingine, alivute ndani tumbo la chini ya kitovu, polepole, kana kwamba anataka kuliachanisha na mkanda wa suruali au fundo la kanga. Mgongo usisogee, mbavu zisinyanyuke, matako yasikaze. Chini ya vidole atahisi mkazo mdogo unaosambaa, kama kitambaa kinachovutwa. Akihisi uvimbe unaovisukuma vidole nje, misuli ya nje imeingilia kazi isiyokuwa yake, na hapo hana budi kulegeza na kuanza upya kwa nguvu ndogo zaidi. Nguvu inayotakiwa haizidi theluthi ya uwezo wa mtu. Wanaume wengi hushindwa zoezi hili kwa kutumia nguvu nyingi mno.

Asiyeuona msuli huo aanzie chini. Akaze taratibu kama mtu anayezuia mkojo, na mara nyingi tumbo la chini litafuata lenyewe, kwa kuwa misuli hii ni jirani. Hili hufanywa kibofu kikiwa hakina haja. Kukatiza mkojo mara kwa mara chooni si zoezi, na halifai kuwa mazoea.

Akishaupata, aushikilie kwa sekunde 10 huku akiendelea kupumua kama kawaida, kisha alegeze. Arudie mara 10. Atakayeweza sekunde 3 tu aridhike na 3, aongeze moja kila baada ya siku chache. Alama ya kwamba anakosea ni pumzi: akijikuta ameizuia, zoezi limeharibika hata kama tumbo limekaza kama ngoma.

Baada ya siku chache za zoezi hilo, apige magoti na kuweka viganja chini kama mtoto anayetambaa, mgongo ukiwa umenyooka, si wa kubonyea wala wa kupanda kama wa paka aliyeona mbwa. Aliachie tumbo lining’inie, kisha alivute juu taratibu kuelekea mgongoni bila kuusogeza uti. Hapa uzito wa tumbo wenyewe ndio mzigo. Zoezi hili huwafaa sana wajawazito na watu wenye matumbo makubwa, ambao kulala chali huwasumbua.

Kutoka hapohapo magotini hufuata zoezi ambalo Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, aliyeutafiti mgongo kwa miongo kadhaa, aliliweka miongoni mwa matatu anayoyapendekeza zaidi. Mtu avute kibwebwe cha ndani, kisha anyooshe mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, vyote viwe sawa na mgongo. Akae hivyo kwa sekunde 8 hadi 10, arudishe, abadilishe upande. Kiuno kisizunguke wala kisizame. Njia ya kujipima ni kuwekewa kikombe cha plastiki chenye maji kiunoni, na mtoto wa nyumbani ataifanya kazi ya kukitazama kwa furaha isiyo ya kawaida. Anayeanza anyooshe mguu tu, bila mkono.

La nne ni kuinua nyonga. Alale chali, magoti yamekunjwa, avute tumbo la chini ndani, kisha aisukume nyonga juu mpaka mapaja na kiwiliwili vifanye mstari mmoja. Ahesabu hadi 5 na kushuka polepole. Kazi iwe matakoni. Mgongo ukianza kuuma, ameinua kupita kiasi.

La mwisho hufanywa kwa ubavu. Alale ubavu, ajiegemeze kwa kiwiko, magoti yakiwa yamekunjwa nyuma, kisha ainue nyonga ili uzito ubaki kwenye kiwiko na goti. Sekunde 10 kila upande zinatosha kwa wiki mbili za mwanzo. Zoezi hili huikaza misuli ya mbavuni na kiunoni bila kuzibana pingili sana. Lile la zamani la kulala chali na kuinuka kitako mara mia, ambalo wengi walifundishwa shuleni, huzibana pingili zaidi, na mwenye kiuno kibovu aliache.

Mazoezi haya hufanywa kila siku, na huchukua dakika 10 hadi 15. Si vyema kuyafanya mara tu baada ya kutoka kitandani. Usiku diski hunyonya maji na kuvimba, kiasi kwamba mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala. Katika saa ya kwanza mgongo hauvumilii vizuri kuinama, jambo ambalo linamhusu mkulima kuliko mtu mwingine yeyote. Anayetoka kitandani na kushika jembe nyuma ya nyumba yake yumo hatarini zaidi kuliko yule anayetembea nusu saa kwenda shamba la mbali. Kwa hiyo kwanza kutembea, kuchota maji kidogo, kulisha kuku, ndipo kuinama.

Baada ya wiki nne au sita zoezi lihame kutoka mkekani na kuingia kazini. Mtu avute kibwebwe cha ndani akiwa kwenye foleni ya maji, akiwa ameketi kanisani au barazani. Dereva wa bodaboda afanye hivyo anapopanda njia za milimani, pikipiki ikirukaruka. Muhimu zaidi ni kabla ya kuinua: kwanza kukaza, ndipo kuinua. Kwa miezi miwili au mitatu hufanya hivyo kwa kukumbuka. Baadaye mwili hukumbuka wenyewe, na ndilo lengo.

Ukweli wote lazima usemwe. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2016 yalionyesha kwamba kwa watu wenye maumivu sugu ya kiuno, mazoezi ya misuli ya ndani husaidia, lakini hayayazidi sana mazoezi ya aina nyingine. Anayetembea kwa bidii kila jioni naye anajitibu. Faida ya mazoezi ya ndani ni kwamba ni ya upole, huweza kuanzwa na mtu ambaye bado anaumwa, na hufanyika chumbani pasipo kutazamwa. Hilo la kutotazamwa si dogo kwa mama mwenye umri wa miaka 60 katika kijiji ambacho kukimbia barabarani kungezua maswali.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba watafikia milioni 843 mwaka 2050. Mwongozo wake wa Desemba 2023 kwa maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi na elimu, na haupendekezi mikanda ya kiunoni kama tiba ya kawaida. Mikanda hiyo huuzwa minadani kwa bei ambayo ingenunua mbolea. Mkanda wa nje humpa mtu faraja ya siku moja au mbili, lakini haumfunzi msuli hata mmoja. Vivyo hivyo kwa mama aliyejifungua na kufungwa kanga tumboni: kanga humsetiri na kumpa nafuu, lakini kibwebwe cha ndani, kilichotanuka kwa miezi tisa, hurejea kwa zoezi lile la kwanza, lifanywalo kwa upole na kwa kupumua. Aliyejifungua kwa upasuaji aulize kwanza kwa muuguzi anapompeleka mtoto kliniki. Mjamzito asilale chali kwa muda mrefu katika miezi ya mwisho.

Vidonge navyo vina neno lake. Diklofenaki imekuwa kama karanga katika maduka ya vijijini. Humezwa asubuhi ili mtu alime, na jioni ili alale, kwa wiki kadhaa, bila kipimo. Dawa hiyo ikitumiwa hivyo huweza kuchubua tumbo mpaka likatoa damu, na huweza kuharibu figo. Ni kinyume cha ajabu, kwa sababu wengi huanza kuimeza wakiamini kwamba kiuno kinachouma ni figo. Maumivu mengi ya kiuno hayatokani na figo hata kidogo.

Lakini mazoezi hayawezi kuwa malipo ya kazi isiyo na kiasi. Jembe lenye mpini mfupi humlazimu mtu kujikunja mara mbili. Mpini mrefu zaidi, unaolingana na kimo cha mwenyewe, hupunguza kuinama. Anayeinua matuta ni vyema anyooke kila mwisho wa tuta, aweke mikono kiunoni na kuutazama mlima kwa pumzi tatu au nne kabla ya kuanza jingine. Shamba halitakimbia.

Kuhusu kubeba kichwani, wanawake wa Afrika Mashariki wamewahi kuwashangaza wanasayansi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa nchini Kenya na G. M. O. Maloiy wa Nairobi na wenzake, ulioonyesha kwamba wanawake wa Kiluo na wa Kikuyu waliozoea kubeba tangu utotoni walimudu mzigo wa hadi moja ya tano ya uzito wa miili yao bila ongezeko la nishati linalopimika. Siri ilikuwa katika mwendo wao. Lakini moja ya tano ya mwanamke wa kilo 60 ni kilo 12, na ndoo iliyojaa imezidi hapo. Mwenye kiuno kinachorudia kuuma ajaze ndoo nusu na kwenda mara mbili, au agawane na jirani mwenye mkokoteni.

Kisha kuna lumbesa. Kanuni za vipimo nchini zinataka kifungashio cha mazao ya shambani kisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukilikemea gunia lenye kilemba kwa miaka mingi, hoja kuu ikiwa ni kwamba mkulima anapunjwa. Hoja ya mgongo husahauliwa. Gunia la lumbesa hupanda kwenye fuso kwa migongo ya vijana wawili au watatu wanaolipwa kwa idadi ya magunia, si kwa uzito wake. Hata kilo 100 za halali ni nyingi mno kwa mtu mmoja, na hakuna zoezi la mkekani litakalozifanya zisiwe nyingi. Mkulima anayefungasha katika magunia madogo humwokoa mpakiaji, na humwondolea mnunuzi kisingizio cha kuongeza kilemba.

Yapo maumivu ya kiuno yasiyongoja mazoezi. Mtu aliyeshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au asiyeweza kukojoa, au aliyekufa ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au ambaye miguu yake inazidi kulegea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Saa zinahesabika, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyobanwa ikikawia kufunguliwa huenda isirudi. Aliyeanguka kutoka mtini au kwenye pikipiki naye apimwe kabla ya kuchuliwa na yeyote.

Maumivu yanayozidi usiku, pamoja na homa, jasho na kukonda, yachunguzwe kifua kikuu, kwani ugonjwa huo huweza kuingia kwenye pingili hata kwa mtu asiyekohoa. Vipimo na matibabu yake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Wafugaji na wote wanywao maziwa mabichi, wakipatwa na homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya kiuno na viungo, wamtajie mganga habari ya maziwa hayo, ili ugonjwa wa brusela ufikiriwe. Mwenye kuwashwa na mkojo hana tatizo la misuli. Na maumivu yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti yakiongezeka wakati wa zoezi lolote kati ya yaliyotajwa, zoezi hilo liachwe na ushauri utafutwe.

Safari ya tiba huanzia zahanati ya kijiji, hupita kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na ikibidi hufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Mgonjwa asisafiri bila barua ya rufaa, kwani bila hiyo huanza upya kila anakofika. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa kuchangia gharama kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mzee asiye na kitambulisho cha msamaha huo aanzie kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa wake.

Anayekwenda zahanati kwa ajili ya kiuno ajiandae kueleza maumivu yalianza siku gani na katika kazi gani, kama yanashuka mguuni, nini huyazidisha na nini huyapunguza, na kama yaliwahi kuja na kuondoka miaka ya nyuma. Achukue pia dawa zote alizokwisha kumeza, hata zile zilizofungwa katika karatasi ya daftari, na azionyeshe.